Meneja Hakuvuta Kamba

Konza, Machakos
Jumanne, 16 Septemba 2025

Dada yangu mpendwa Mutindi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa ndugu yako Kilonzo, mtu ambaye, bila kujisifu, ameishikilia Konza yote kwa mkono mmoja tangu wewe uende Doha. Chifu msaidizi hafungui mkutano kabla mimi sijakaa. Wale wahandisi wa mji mpya wa teknolojia walipokuja kupima, walisimama pale relini na mashine zao za miguu mitatu, hawajui waanzie wapi, mpaka nikatoka mimi na mswaki mdomoni nikawaonyesha upande jua linatokea. Wakaandika kwa kitabu. Kwa hivyo siku mji ukiisha kujengwa, ujue umesimama sawa kwa sababu ya ndugu yako aliyeachia shule darasa la sita.

Mgongo wako je? Ile dawa ya kupaka uliyosema mwajiri wako alikununulia, inasaidia, ama bado unalala kwa ubavu mmoja? Nataka unijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote. Sisi tuko. Mke wangu Syokau yuko, anafuga kuku wake na anaimba kwaya ya kina mama kama kawaida. Ng'ombe wako mweupe alizaa ndama jike. Mahindi hayakufanya kitu mwaka huu, mvua ilikuja siku nne ikaenda, lakini mbaazi tulivuna magunia mawili na moja nimekuwekea. Chumba cha Lenny kimefungwa vile ulivyosema. Ufunguo uko kwa Syokau. Hakuna mtu ameingia.

Barua hii inabebwa na Ndanu, binti wa Jeremiah yule fundi wa matangi. Anasafiri Alhamisi kuja huko huko kwa kazi kama yako, na amesema atakutafuta siku yenu ya kupumzika. Utashangaa kwa nini ninaandika na Jumapili tu juzi tuliongea kwa simu. Nitakwambia. Mimi nikishika simu, ulimi wangu huwa unageuka wenyewe na kuenda kwa hadithi ingine, unanijua tangu tukiwa watoto. Kwa karatasi mtu anaweza kukata mstari na kurudi nyuma. Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza Syokau amewashia moto.

Mutindi, ni juu ya Meneja.

Kila Jumapili ukipiga unauliza Meneja kabla hujaniuliza mimi, na sijawahi kukasirika. Najua ni mbwa wa Lenny. Najua Lenny alimtoa soko la Tala ndani ya jaketi akiwa mdogo kama kiatu, akamwita Meneja kwa sababu alikuwa anakaa mlangoni anaangalia wengine wakifanya kazi. Tulipomzika Lenny wako, mtoto wetu sote, mwaka jana, baada ya ile pikipiki na lile lori la barabara ya Mombasa, ulikuja wiki mbili tu kisha kandarasi ikakuita. Ukiwa unaingia gari la kwenda uwanja wa ndege hukuniambia nichunge shamba, wala ng'ombe. Uliniambia nichunge mbwa. Nikakujibu kwamba mimi nimewahi kushika fisi kwa sikio pale nyika ya Kapiti mpaka akaomba msamaha, sembuse mbwa. Hukucheka. Hata mimi sikuwa nacheka, nilikuwa nasema tu.

Sasa. Unajua kando yetu, ng'ambo ya reli, wale watu wa Nairobi walinunua ploti wakajenga. Nyumba ya tatu kutoka kwa kalvati ni ya mama mmoja kijana anaitwa Linet. Anafanya kazi ofisini kwa kiwanda kule Mavoko, na gari la wafanyakazi humchukua saa moja asubuhi. Kabla ya saa moja anatembeza mbwa. Kambwa kadogo keupe, kanaitwa Biskuti, kamefungwa mkanda shingoni na yeye ameshika ncha ya pili. Wanapita mbele ya geti letu, wanaenda mpaka kwa kinu cha kusaga, wanarudi. Jioni tena hivyo hivyo.

Huku kwetu, wewe unajua, hakuna mtu ametembeza mbwa. Mbwa anajitembeza. Siku za kwanza watu walikuwa wanatoka kumwangalia. Ndolo, huyu jirani wetu wa mizinga ya nyuki, alikuwa akimuuliza kila asubuhi kama huyo anaenda kuuzwa Tala na atachukua bei gani. Linet anacheka, anasalimia, anapita.

Alikuja hapa nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita. Alisimama nje ya geti, akaniita mzee, akaniomba kwa heshima kwamba zile dakika anapita asubuhi na jioni nimfunge Meneja, kwa sababu Meneja anamfuata Biskuti akinguruma, na Biskuti akiwa kwa mkanda hawezi kukimbia wala kujitetea. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia kamba ni ya mbuzi. Nikamwambia huyu ni mbwa wangu, nimemfundisha mwenyewe, na hata mbwa wa polisi wa Nairobi waliletwa kwangu zamani nikiwa kijana, wakarudi wanajua kusoma namba za gari. Neno langu moja linatosha, nikamwambia. Mara ya pili alikuja mwezi wa saba, akaomba tena. Nikaongeza kwamba wale mbwa wa polisi walijua namba za gari pamoja na rangi.

Ukweli ni kwamba Meneja hakuwahi kusikia neno langu hata moja. Alikuwa anasikia ule mluzi wa Lenny, ule wa mara tatu, na Lenny alienda nao. Kwangu alikuwa anafuata gambuti, zile buti za mpira. Nimekuwa nikivaa gambuti za Lenny, naona nikwambie na hilo. Zilikuwa zimekaa tu pale kwa veranda. Nikizivaa Meneja anakuja, nikikaa anazilalia. Watu wakiona wanasema lo, huyu mbwa anampenda mzee. Nami nawaacha waseme.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na tano mwezi uliopita. Nilikuwa getini na kikombe cha chai. Ndolo alikuwapo, na watu wengine wawili waliokuja kuchukua maziwa. Linet akatokea na Biskuti kutoka upande wa kalvati. Meneja akainuka kutoka kwa miguu yangu akaenda barabarani. Linet akasimama. Alifupisha ule mkanda, akaweka Biskuti nyuma yake, akaniita, tena polepole, akasema mzee tafadhali mwite mbwa wako.

Nikawaambia wale watu watazame sasa. Niliinua mkono, nikasema neno. Meneja hakugeuza hata sikio. Nikajaribu kupiga mluzi. Ilitoka hewa na chai kidogo.

Sitakuandikia yote. Biskuti alikuwa anazunguka miguu ya Linet kwa ule mkanda mpaka ukamfunga yeye mwenyewe. Alipoinama kumwinua, Meneja akamrukia, akamuuma mkono wa kulia hapa chini ya kidole gumba, na Linet akaanguka kwa changarawe juu ya mbwa wake. Hata hapo chini hakuachilia mkanda. Mimi nilikuwa nimesimama. Ni Syokau aliyetoka jikoni mbio na karai la maji ya vyombo akawamwagia, kisha akamshika Meneja ngozi ya shingo akamvuta mpaka ndani. Nilipoangalia mkono wangu, kikombe kilikuwa bado kiko, na chai ilikuwa haijamwagika. Sijui ni kwa nini nakumbuka hiyo. Nilikuwa nimetulia kabisa, kama mtu anayeangalia kitu kinachofanyika mbali kule Mwala.

Kitu cha kwanza kilichosemwa kilisemwa na Ndolo. Alisema mtu akifunga mbwa wake halafu apite naye mbele ya mbwa za wenyewe, alikuwa anataka nini. Alisema ni kama kumfunga mtu mikono kisha umpeleke baa. Wale wawili wakacheka. Linet alikuwa bado anatoa changarawe kwa goti.

Boda boda alimpeleka hospitali, na Biskuti akapelekwa kwa daktari wa mifugo, akashonwa shingo, na jicho moja likatolewa. Kwa kinu cha kusaga walibishana siku tatu. Wengi walisema kosa ni la kamba. Wengine walisema kosa ni la kambwa kenyewe, kwamba kalianza kubweka. Mueni, yule wa kinu, alikuwa anapima mahindi ya watu bila kuinua kichwa. Akawauliza, huyu aliyefungwa ana mtu kwa ncha ya pili. Huyu mwingine, ncha yake ameshika nani?  Nilikuwa hapo na debe langu. Nikauliza kama foleni inasonga.

Jumanne chifu msaidizi akatuita. Onesmus unamkumbuka, yule tuliyekuwa tunamwita Mwalimu kwa sababu ya miwani. Alitupanga kwa benchi nje ya ofisi ya mabati. Linet alikuja na bandeji mpaka kwa kiwiko, peke yake. Upande wetu tulikuwa kama kumi na tano.

Onesmus alisema jambo ni dogo na hataki lilale. Hataki kujua nani alibweka kwanza. Anataka kujua mbwa ni wa nani. Mwenyewe akijulikana, atasimama hapa, atasaidia matibabu kwa vile wataelewana, ataonyesha kama mbwa ana kadi ya sindano ya kichaa cha mbwa, na kuanzia leo atamfunga. Jambo limeisha, watu waende shamba. Mwenyewe asipojulikana, basi huyo ni mbwa wa njia, ameuma mtu, na watu wa kaunti watakuja kumchukua Alhamisi. Hapo hata Linet akainua ule mkono mwingine. Alisema yeye hataki mbwa afe. Alisema anataka tu mtu mmoja aseme ni wake, na amfunge.

Mutindi, kadi ilikuwa kwa mfuko wa shati langu. Syokau aliniwekea asubuhi. Alimpeleka Meneja sindano mwezi wa pili mwaka huu, siku ile sindano zililetwa hapo kwa kinu, kwa hivyo kadi ilikuwa nzuri, ina muhuri. Juu imeandikwa kwa mkono wa Lenny tangu kadi ilipotolewa, zile herufi zake za kulala. Jina la mbwa, Meneja. Mwenyewe, Lenny Mutua. Na namba yake ya simu.

Onesmus akaniangalia mimi kwanza, kwa sababu geti ni letu. Nikasema simjui huyo mbwa.

Nilisema hivyo, kwa sauti ile yangu ya mkutano. Nikasema huyo ni mbwa wa njia, hupita pita, anakula hapa na pale. Linet akageuka. Akasema, mzee, wewe mwenyewe uliniambia ni wako, tena mara mbili, uliniambia ulimfundisha. Nikasema nilikuwa namtania, watu wa Konza tunapenda utani, yeye ni mgeni hajatuzoea. Watu wakacheka kidogo. Onesmus akawauliza wengine. Unajua sisi, mbwa akikamata sungura ni wa boma nzima, kila mtu anakumbuka alivyompa ugali. Ndolo alisema ni mbwa wa njia. Wale wawili wa maziwa wakasema ni mbwa wa njia. Hakuna mtu aliyetaka kusimama na mgeni dhidi ya jirani. Hata sikuwa nimewaomba.

Basi hapo ndipo Meneja akaja. Syokau alikuwa amemfungia kwa banda la kuku, sijui alitokea wapi. Alipita katikati ya watu wote, akafika kwa benchi yangu, akazungukazunguka vile anavyofanya, akalala juu ya gambuti. Akaweka kidevu.

 Onesmus akavua miwani akaifuta. Nafikiri alikuwa ananipa muda. Mimi nikavuta mguu mmoja, halafu ule mwingine, nikasema mnaona sasa, mbwa wa njia huzoea mtu yeyote. Onesmus akavaa miwani, akaandika kwa kitabu chake kwamba hana mwenyewe.

Ile Jumatano katikati, Linet alikuja getini saa kumi na moja jioni, bila Biskuti. Alikuwa ameshika mkanda mwingine, mwekundu, mpya, mpana, wa mbwa mkubwa. Alisema hakuja kugombana. Alisema anajua, na mimi najua, na bado kuna usiku mmoja na asubuhi moja, niende tu kwa Onesmus nimwambie nilikosea, yeye hatadai kitu, hata ya hospitali ameshalipa. Alininyooshea ule mkanda kwa mkono mzima. Unajua nilifanya nini? Nilimpokea mkanda, nikamwambia ile ya fisi wa Kapiti. Yote, mpaka mahali anaomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema haya mzee, usiku mwema, akaenda.

Sikulala, lakini si kwa uchungu. Nilikuwa najaribu kusikia uchungu na sisikii. Nilikuwa kama jino lililodungwa sindano, unaligusa kwa ulimi, unajua liko, lakini ni kama ni la mtu mwingine. Nimekuwa hivyo tangu tuweke Lenny chini, kama nikuambie ukweli. Naongea, watu wanacheka, mimi sipo.

Alhamisi walikuja saa nne na pikap. Walikuwa wawili, wana fimbo yenye kitanzi. Meneja alikuwa mbele ya duka la Ndolo. Hakuwakubali. Aliweka mgongo kwa ukuta akawaonyesha meno, na watu wakarudi nyuma wote. Mmoja wa wale watu akasema hataki kumtesa, akauliza kama kuna mtu yeyote hapa ambaye mbwa amemzoea, amshike tu ampeleke kwa gari.  Watu wakaangalia miguu yangu.

Nilienda. Ule mkanda mwekundu ulikuwa nyumbani kwa msumari, lakini watu wangeniuliza nimeutoa wapi, kwa hivyo nikachukua kamba ya mbuzi iliyokuwa hapo dukani. Nikamfunga shingoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa kamba. Nilidhani atapigana. Hakuvuta, Mutindi. Alitembea kando ya gambuti vizuri kabisa, nikisimama anasimama, nikienda anaenda, kama vile Biskuti anavyotembea. Kutoka dukani mpaka kwa pikap ni hatua kama thelathini na tano. Nilizihesabu baadaye.

Yule mtu wa kaunti akaniambia, mzee, huyu anakujua sana. Nikamwambia ananijua, ndiyo, hapa kila mtu ananijua.

Wakafunga mlango wa nyuma. Sikuuliza wanampeleka wapi, na hawakurudisha kitu isipokuwa kamba. Ndolo akasema basi mambo yameisha, akanipa soda. Niliinywa yote.

Sasa hapa ndipo zile karatasi mbili ziliishia kwa moto. Kwa ya kwanza nilikuandikia kwamba sikutaja mbwa kwa sababu kadi ina jina la Lenny, na kwamba sikuweza kutaja jina la mtoto wetu mbele ya watu, nikashindwa, machozi yakanikaba. Iliandikika vizuri sana. Ungelia, na ungenisamehe kabla hujafika mwisho. Syokau akaisoma, akaniuliza machozi gani. Ni kitu pekee ambacho ameniambia tangu ile Alhamisi ambacho si cha kuku ama chakula.

Kwa hivyo nakuandikia vile ilivyokuwa. Nilikuwa nimewaambia watu wote hapa, kutoka relini mpaka kwa kinu, kwamba mbwa huyo ni wangu na anasikia neno langu moja. Na Ijumaa wakaona hasikii. Kama ningesema Jumanne kwamba ni wangu, Ndolo angeuliza mbele ya watu basi lile neno lilikuwa gani. Niliogopa hilo swali. Hakuna kitu kingine. Si pesa, si Lenny, si chifu. Ni Ndolo wa nyuki na kicheko chake, na kwa ajili hiyo mbwa wa mtoto wako alipelekwa kama hana watu.

Linet alidungwa sindano zote za kichaa, siku moja moja, kwa sababu hakukuwa na kadi ya kumwonyesha daktari. Kadi ilikuwa kwa mfuko wangu. Nilimpelekea Jumamosi iliyopita. Alisoma, akasoma tena pale juu, akaniuliza Lenny ni nani. Nikamwambia ni mtoto wa dada yangu, amekufa. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo mawili pamoja. Yalitoka kawaida, kama mtu anayetaja bei. Akanirudishia kadi. Bado anapita asubuhi na Biskuti, ambaye sasa anatembea akigeuza kichwa kwa sababu ya jicho, naye Linet amebeba fimbo ingawa Meneja hayuko. Bado ananisalimia. Anasema habari ya asubuhi, mzee. Nikisikia sauti yake huwa nasimama.

Niliingia pia kwa ofisi ya Onesmus jana nikamwambia mbwa alikuwa wetu. Alinisikiliza, akafungua kitabu, akatafuta ule ukurasa. Akaniuliza aandike wa nani sasa. Nikamwambia aandike Kilonzo. Akaandika. Haikubadilisha kitu, lakini iko hapo, na ukija unaweza kuona. Ndolo alijua kabla sijafika nyumbani. Aliuliza lile swali, kama nilivyojua atauliza. Nikamwambia hakukuwa na neno. Akazungumza habari ya asali.

Kadi nimeikunja ndani ya bahasha hii, pamoja na manyoya kidogo ambayo Syokau aliyatoa kwa mkeka. Gambuti nimezirudisha kwa veranda, zimeoshwa. Mkanda mwekundu uko kwa msumari.

Sijui uniite nini ukija Disemba. Mimi ni ndugu yako, na wewe ni mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, na hilo siwezi kulikana hata nikitaka, ingawa sasa utakuwa na haki ya kuuliza. Nitakuja kukungoja pale stendi asubuhi, hata kama hutaki nibebe mzigo wako.

Syokau anakusalimu sana, anasema usiinue vitu vizito na mgongo huo, na anasema kitu kingine ambacho atakuambia mwenyewe. Kina mama wa kwaya wanakutaja kila Jumapili. Jeremiah anakuomba umwangalie Ndanu, ni mara yake ya kwanza kutoka. Ndama bado hana jina, tunakungoja umpe.

Ni mimi, nduguyo,
Kilonzo

Ndanu bado anakunywa chai, kwa hivyo naongeza hapa chini. Meneja alichukuliwa ile Alhamisi, tarehe ishirini na moja ya mwezi uliopita, na najua sasa unahesabu Jumapili. Ile ya kwanza nilikwambia ameenda kuwinda. Ile ya pili nilizima simu. Lakini hizi mbili za mwisho ulisema utangoja kwa laini mpaka nimlete, na ulimsikia, na juzi uliongea naye ukamwambia akae pale mlangoni pa Lenny asiruhusu mtu, na kwamba wewe unakuja. Kisha ukaniambia ana kikohozi, nimpe maziwa ya moto.

Nilikuwa nyuma ya ghala, nimepiga magoti ili sauti itoke chini. Aliyebweka ni mimi.